KIUNZI, KIKWAZO AU CHANGAMOTO? Maana na Matumizi ya Neno "Hurdle" kwa Mtumiaji wa Kiswahili

Utangulizi

Maneno yanayomtatiza mfasiri aghalabu si yale mazito ya kitaaluma. Istilahi ngumu humlazimu mtu afungue kamusi, aulize wajuzi na apime kabla ya kuandika. Yanayomwangusha ni maneno mepesi ya kila siku, ambayo kila mmoja wetu hudhani anayajua. Mojawapo ni neno la Kiingereza "hurdle". Mwanafunzi anapokutana nalo katika zoezi la tafsiri huandika "kizuizi". Jirani yake huandika "kikwazo". Wa tatu huandika "pingamizi". Na walio wengi siku hizi huandika "changamoto" kisha wakaendelea na sentensi inayofuata. Mhadhiri naye, akishika kalamu nyekundu, hujikuta katika njia panda: je, wote wamepata, au wote wamekosa?

Makala haya yananuia kueleza maana na matumizi ya neno hilo na kulilinganisha na maneno ya Kiswahili yanayokaribiana nalo. Hoja yetu ni kwamba kila neno la Kiswahili linalotaja kitu kilichoziba njia ya mtu limebeba picha yake mahususi, na picha hiyo hujibu maswali matatu: Ni nani aliyekiweka kitu hicho njiani? Je, kinaweza kupitwa? Na anayetaka kupita afanye nini: aruke, angoje, aombe ruhusa au adai haki yake? Tukiyachanganya maneno haya, tunayachanganya pia majibu hayo, na wakati mwingine anayeumia si mfasiri bali ni mtu anayezungumziwa.

Asili ya neno katika Kiingereza

Katika Kiingereza cha kale, neno hili lilitaja kitu kinachoshikika: kipande cha ua kilichosukwa kwa fito. Wafugaji wa Uingereza walizifuma fito za miti laini wakapata fremu nyepesi zilizobebeka. Walizisimamisha malishoni ili kuwatenga kondoo kwa muda, kisha wakazing'oa na kuzihamishia kwingine. Msomaji aliyelelewa mashambani, akaona jinsi fito zinavyofungwa kabla ya ukuta kukandikwa udongo, hatapata taabu kukiona kitu hicho akilini. Fremu hizo zilitumiwa pia kwa jambo la kuogofya: aliyehukumiwa kifo kwa kosa la uhaini alifungwa juu yake, akakokotwa na farasi hadi mahali pa kunyongewa.

Maana ya kimichezo ilistawi katika karne ya 19, vijana wa vyuo vya Uingereza walipoanza kushindana kwa kukimbia na kuruka fremu kama zile za kondoo. Mashindano ya riadha ya kwanza kati ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, mwaka 1864, yalijumuisha mbio za aina hiyo. Kutoka uwanjani neno likaingia katika mazungumzo ya kawaida kama sitiari. Leo Mwingereza hulitumia kwa sharti, mtihani au shida ambayo mtu hana budi kuipita ndipo afike anakokwenda.

Sitiari hiyo imerithi sifa nne za uwanjani. Kwanza, kitu chenyewe kiko katika njia ya lengo, si kando. Pili, kinajulikana mapema. Mkimbiaji hukiona tangu mwanzo. Tatu, kimewekwa kwa kusudi la kurukwa. Nne, aghalabu huja kwa mfululizo. Ukipita kimoja, kingine kinakungoja. Sifa hizi nne ndizo kipimo ambacho tutapimia maneno yetu.

Neno "kiunzi" katika Kiswahili

Kiswahili hakina haja ya kuazima neno hapa. Watangazaji wa redio na waandishi wa habari za michezo wamekwisha kutuzoeza "mbio za kuruka viunzi", na neno "kiunzi" lenyewe lina nasaba inayostahili kuangaliwa.

Kiunzi kinatokana na kitenzi "unda". Wanafunzi wa mofolojia wataitambua kanuni inayohusika: sauti "nd" ya mwisho wa mzizi hugeuka "nz" inapofuatwa na kiambishi "-i" cha kuundia nomino. Kutokana na "linda" tunapata "mlinzi"; "penda" hutupa "mpenzi"; "tenda" hutupa "kitenzi"; na "unda" hutupa "kiunzi". Kitenzi hiki kina uhusiano wa karibu na kazi ya mafundi wa vyombo vya baharini. Jahazi linapoundwa, mkuku hulazwa kwanza, kisha mataruma husimamishwa. Gofu hilo la mbao, kabla ya kubandikwa ubavu, ndilo kiunzi cha chombo. Kwa mfanano huohuo tunasema "kiunzi cha mifupa" kwa mifupa ya mwili isiyo na nyama. Isitoshe, katika tasnifu nyingi, hasa zinazoandikwa Tanzania, sura ya mwanzo huwa na kijisehemu kinachoitwa "kiunzi cha nadharia", yaani fremu ambayo utafiti mzima huegemezwa.

Kwa hivyo lugha hizi mbili zisizo na udugu zimekutana mahali pamoja. Kiingereza kilianza na fremu ya fito, kikaishia kwenye kitu cha kurukwa. Kiswahili kilianza na fremu ya chombo, kikaishia papo hapo. Anayetafsiri neno letu kwa "kiunzi" katika muktadha wa michezo hakosi hata chembe.

Viunzi vya uwanjani

Inafaa tukitazame kiunzi cha uwanjani kwa makini, maana sitiari haieleweki vyema bila chanzo chake. Katika mbio za mita 110 kwa wanaume kuna viunzi 10, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 106.7. Katika mbio za mita 400 viunzi pia ni 10, vya sentimita 91.4 kwa wanaume na 76.2 kwa wanawake. Kimo ni kimoja kwa wakimbiaji wote wa mbio hizo, na nafasi kati ya kiunzi na kiunzi imepimwa. Fauka ya hayo, kiunzi hicho kimetengenezwa kianguke kinapogongwa. Kanuni za sasa hazimwondoi mashindanoni anayekiangusha bila kukusudia, ila hupoteza muda. Zamani mambo yalikuwa makali zaidi: katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932, Bob Tisdall wa Ireland alishinda mbio za mita 400 kuruka viunzi, lakini muda wake haukutambuliwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu alikiangusha kiunzi kimoja.

Kenya ilijipatia jina katika mbio hizi mwaka 2015 jijini Beijing, pale Nicholas Bett alipotwaa ubingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.79. Hata hivyo, fahari yetu ya miaka mingi imekuwa mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji. Tangu Amos Biwott aliposhinda Mexico mwaka 1968 hadi Conseslus Kipruto aliposhinda Rio de Janeiro mwaka 2016, wanaume wa Kenya walitwaa dhahabu ya mbio hizo katika kila Olimpiki ambayo Kenya ilishiriki. Mfululizo huo ulikatizwa na Soufiane El Bakkali wa Morocco katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, naye akarudia ushindi huo mjini Paris mwaka 2024.

Hapa pana tofauti ambayo jina letu moja limeificha. Viunzi vya mita 3000 si vyepesi kama vile vya mita 400. Ni mihimili mizito isiyoanguka, na mkimbiaji anaruhusiwa kuikanyaga. Katika mbio nzima huirukia mara 28, na mara nyingine 7 hukutana na mhimili ulio mbele ya kidimbwi cha maji. Wengi hukanyaga juu ya mhimili kisha wakajitupa mbele. Biwott alikumbukwa kwa kuruka mhimili na kidimbwi kwa pamoja, akatua pakavu. Kwa Kiswahili vyote ni viunzi, na hilo si kosa, kwa kuwa vyote vina sifa zile nne. Lakini mfasiri akumbuke kwamba kuna kiunzi kinachoanguka nawe unaendelea, na kiunzi kinachokuangusha wewe.

Maneno yanayokaribiana na kiunzi

Tukitoka uwanjani, tunakutana na maneno ambayo wengi huyachukulia kuwa visawe. Hebu tuyaangalie moja baada ya jingine.

"Kikwazo" kinatokana na "kwaa", kupitia "kwaza", yaani kumfanya mtu ajikwae. Picha yake ni ya kisiki au jiwe lililojificha majanini. Anayejikwaa hakukiona kitu hicho, ama alikiona akiwa amechelewa. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi: kujikwaa ni ajali ya mwendo. Kwa mintarafu hii kikwazo hakina sifa ya pili ya kiunzi, ile ya kujulikana mapema. Hata hivyo, matumizi yamelipanua neno. Mataifa jirani yalipoibana serikali ya Burundi kuanzia mwaka 1996, baada ya mapinduzi ya Julai, hadi mwaka 1999, vyombo vya habari vilisema Burundi "imewekewa vikwazo vya kiuchumi". Mawe hayo hayakuwa yamejificha; yaliwekwa mchana kweupe. Matumizi haya yamekita mizizi na hatuna sababu ya kuyapinga, ila tujue kwamba ni maana ya pili.

"Kizuizi" kinatokana na "zuia". Sauti "z" inayozuka katika nomino ni athari ya konsonanti iliyokuwa mwishoni mwa mzizi hapo kale ikadondoka. Tazama pia "pokea" na "mapokezi", "tetea" na "mtetezi". Kizuizi hakikuangushi, kinakusimamisha. Polisi wakiweka kizuizi barabarani, dereva hashauriwi kukiruka. Anatakiwa asimame, na hapiti mpaka aruhusiwe. Neno "kizuizini" lilipata uzito wa kutisha katika historia yetu, Wakenya walipofungiwa bila kushtakiwa katika kambi za Manyani, Hola na kwingineko wakati wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950. Palipo na kizuizi, basi, pana mwenye mamlaka aliyekiweka, na swali la haki haliko mbali.

"Pingamizi" linatokana na "pinga" kupitia "pingama", yaani kuwa kingamo, kukatiza njia. Pingamizi lina mdomo: ni mtu anayesema hapana. Wakili huwasilisha pingamizi la awali mahakamani. Ndoa inapotangazwa, mwenye pingamizi hutakiwa ajitokeze. Pingamizi halirukwi wala halisubiriwi liondoke. Hujibiwa kwa hoja.

"Kizingiti" ni neno la nyumbani. Ni ule mti au mwinuko wa chini ya mlango ambao mtu huinua mguu ili aingie. Kati ya maneno yote ya kawaida, hili ndilo lililo karibu zaidi na kiunzi, kwa maana kizingiti kinaonekana, hakihami, na kimewekwa kwa anayeingia. Tofauti ni kwamba kizingiti kwa kawaida ni kimoja. Ukishakivuka, umo ndani.

Hatimaye, watu wa pwani wametuachia usemi ambao hauna habari ya kuruka kabisa. Chombo kinachoachwa mchangani na maji yanayokupwa husemwa kuwa "kimepwelewa". Nahodha wa chombo hicho hashindani na mchanga. Hungoja maji yajae. Kile kilichopasuka kwenye jiwe ndicho kilichogonga mwamba, na magazeti yetu huandika kila uchao kwamba mazungumzo fulani "yamegonga mwamba". Anayepwelewa ana matumaini. Aliyegonga mwamba huhesabu hasara. Mfasiri mwenye tahadhari hawezi kulitumia neno moja kwa wote wawili.

Mfano kutoka historia ya karibuni

Tofauti hizi si za darasani pekee. Chukua Mswada wa Marekebisho ya Katiba uliotokana na Mpango wa Maridhiano nchini Kenya. Kifungu cha 257 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawataka wanaotaka kuirekebisha Katiba kwa njia ya wananchi wakusanye saini za wapigakura waliosajiliwa wasiopungua milioni moja, kisha wapate idhini ya mabunge ya kaunti yaliyo wengi, yaani angalau 24 kati ya 47, ndipo mswada uende Bungeni na, kwa mambo mazito, kwenye kura ya maamuzi. Hatua hizi zinajulikana mapema, zimepangwa kwa mfululizo, na zimewekwa kwa kila atakayepita njia hiyo. Hivyo ndivyo viunzi.

Mswada huo uliruka viunzi kadhaa. Ulipata saini, ukapita katika mabunge ya kaunti mwezi wa Februari 2021, ukapita pia katika mabunge yote mawili ya kitaifa. Lakini baadhi ya raia waliwasilisha pingamizi mahakamani. Mwezi wa Mei 2021 Mahakama Kuu iliutangaza mswada kuwa kinyume cha Katiba, Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo mwezi wa Agosti, na Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala mwezi wa Machi 2022 kwa kushikilia kwamba Rais hana uwezo wa kuanzisha marekebisho kwa njia iliyotengewa wananchi. Viunzi vilirukwa, pingamizi lilitolewa, mahakama ikaweka kizuizi. Mwandishi anayeandika kwamba mswada "ulikumbwa na changamoto" amesema kweli, lakini hakumweleza msomaji lolote.

Changamoto ya neno "changamoto"

Hapo ndipo tunapolifikia neno lililomeza mengine yote. Wengi hulihusisha neno "changamoto" na kuchangamka, na maana yake ya awali ilikuwa njema: jambo linalomchochea mtu atumie nguvu na akili zake. Kitendawili ni changamoto. Mchezaji hodari wa timu pinzani ni changamoto. Kwa maana hiyo neno hili lina thamani na hatutaki lipotee. Tatizo ni kwamba limefanywa kifuniko. Hospitali ikikosa dawa, ni changamoto. Daraja likisombwa na maji, ni changamoto. Fedha za umma zikiibwa, ni changamoto pia.

Nitoe ushahidi wa jambo nililolishuhudia. Nilipokuwa mwanafunzi, mwenzangu mmoja aliniomba nimsaidie kuandika barua ya kuomba ufadhili wa karo. Niliandika kwa ufasaha niliojivunia: kwamba mwombaji "amepitia changamoto si haba" na kwamba "amekabiliwa na viunzi vingi maishani". Barua ilirudi bila kitu. Mzee mmoja wa kamati, mtu asiyesomea isimu, alimwita mwenzangu kando akamwambia, "Mwanangu, changamoto tunazo sote. Wewe umezuiwa na nini?" Tuliandika upya. Safari hii tulisema kwamba mwombaji alizuiwa kuingia katika chumba cha mtihani kwa sababu ya deni la karo, kwamba mama yake aliyekuwa akimlipia alikuwa mgonjwa tangu Januari, na kwamba mtihani wa marudio ungefanywa baada ya wiki sita. Barua ya pili ilipata jibu. Sidai kwamba ni kitenzi kilichomlipia karo. Lakini ile barua ya kwanza, pamoja na mapambo yake, ilikuwa imeficha kile ambacho kamati ilihitaji kukijua.

Nilijifunza hapo kwamba hata "kiunzi", neno ninalolitetea katika makala haya, laweza kudhulumu. Kiunzi kimewekwa ili kirukwe, na kimo chake ni kimoja kwa wote. Tukisema kwamba ukosefu wa karo ni kiunzi, tunamwambia mwenye njaa kwamba wajibu wake ni kuruka, na kwamba akishindwa, miguu yake ndiyo mibovu. Tukisema ni kizuizi, tunauliza ni nani aliyekiweka na ni nani anayeweza kukiondoa. Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, ngazi za ukumbi wa mihadhara si kiunzi. Ni kizuizi, na Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kufika mahali pa umma kama mwingine yeyote.

Mwongozo kwa mfasiri na mwandishi

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza mambo manne. Mosi, panapozungumziwa riadha, "kiunzi" ndilo neno, na kitenzi chake ni "ruka". Pili, panapozungumziwa masharti au hatua zinazojulikana na kufuatana, kama vile mitihani, usajili na taratibu za kisheria, "kiunzi" kinafaa, na "kizingiti" kinafaa zaidi ikiwa hatua ni moja ya kuingilia. Tatu, panapozungumziwa shida iliyomfika mtu ghafla, "kikwazo" ndicho kilicho karibu na ukweli. Palipo na mamlaka iliyofunga njia, tuseme "kizuizi". Palipo na mtu anayekataa, tuseme "pingamizi". Nne, "changamoto" liachiwe jambo linalomchochea mtu, wala lisiwe jina la kila balaa.

Zaidi ya hayo, mfasiri asione haya kuitupa nomino na kutumia kitenzi. Mahali ambapo Kiingereza hupenda kutaja kitu, Kiswahili mara nyingi hupendelea kutaja tendo: mtu amezuiwa, amekwama, amepingwa, amepwelewa. Kitenzi humlazimu mwandishi aseme nani alimfanya nani nini.

Hitimisho

Tumeona kwamba neno dogo la Kiingereza lililoanza kama ua wa kondoo lina mwenzake katika Kiswahili aliyeanza kama mbavu za jahazi, na kwamba kuwapo kwa mwenzake huyo hakutuondolei wajibu wa kuchagua. Tangu mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Sheria, hukumu, ripoti na barua za wananchi zitazidi kuandikwa na kutafsiriwa kwa lugha hii, na wengi watakaozitafsiri ni sisi tunaosoma makala haya. Mwenda pole hajikwai. Kabla ya kuandika lolote kati ya maneno haya, tusimame kidogo tumwulize mhusika swali la yule mzee wa kamati: umezuiwa na nini?